Boti Mbili, Faili Moja

Kosa litakalofichuka katika habari hii ni la kuichukua busara mahali ilipofaa na kuipeleka mahali isipofaa, bila kuuliza. Siliiti uzembe, maana aliyelitenda alijitahidi. Siliiti ujinga pia, maana alikuwa na sababu, na kosa lenye sababu ndilo gumu kuling'oa, kwa kuwa mwenyewe hulilinda kama mali.

Ukoo wetu ni wa Ujiji, lakini ghala letu liko karibu na mwalo wa Kibirizi, boti za vijiji vya ziwani zinakoshusha mizigo. Babu aliyelianzisha alituachia sharti moja: mzigo wa nyumba usipakiwe katika boti moja. Gawa, alisema, ziwa likichukua nusu, nusu itafika na watoto watakula. Sharti hilo nimeliona likifanya kazi. Nikiwa msichana mdogo, boti iliyobeba dagaa wetu ilizama katika mawimbi ya usiku, nyingine ikafika salama, na ada yangu ya shule ikatoka katika magunia yaliyofika. Kwa hiyo nikisema hapa kwamba sharti la babu lilituumiza, ieleweke kwamba nasema kama mtu aliyesomeshwa nalo.

Siku hizi ghala linaongozwa kwa programu ya kompyuta. Dumu la mawese likiingia hupigwa namba kwa rangi nyeusi, na programu ndiyo inayojua namba ile ni ya nani na mafuta yaliyomo ni ya aina gani. Stakabadhi anayopewa mwenye mali hutaja idadi ya madumu tu, jambo nililolikemea na sikusikilizwa. Mimi ndiye niliyeiweka programu hiyo nilipostaafu ualimu mapema, na mimi ndiye niliyemfundisha mdogo wangu wa kiume, msimamizi wa ghala, kutengeneza nakala ya akiba kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini. Katika hilo hakukosea hata Ijumaa moja. Nilipokwenda Kasulu kumuuguza mama mkwe wangu, nilimwachia kazi hiyo nikiwa na moyo mkunjufu.

Nilikuwa nimerudi juzi tu aliponipigia simu. Umeme ulikuwa umekatika, ukarudi kwa kishindo, na kompyuta ya ghala ikatoa harufu ya plastiki iliyoungua.

"Dada, shikamoo. Imekufa."

"Marahaba. Ijumaa ulihifadhi?"

"Nilihifadhi."

"Basi kilichokufa ni chuma. Nakuja na kompyuta yangu."

Nilifika nikiwa na utulivu wa mtu anayejua kazi yake. Mlangoni pa ghala nilimkuta mama mmoja wa Kagunga, mteja wetu wa miaka mingi, amesimama mbele ya madumu ya njano kama mtu anayezuia mlango wa nyumba yake. "Mwakeye, mwalimu," alinisalimu kwa Kiha, bila kugeuka. Aliyekuwa akitazamana naye ni mtengeneza sabuni wa mjini, ambaye gari lake dogo la mizigo lilikuwa limeshageuzwa kinyumenyume tayari kupakia.

Shauri lao lilieleweka upesi. Wote wawili walikuwa na idadi sawa ya madumu. Ya yule mama yalikuwa mawese mapya, mekundu na matamu, kazi ya msimu mzima ya michikichi aliyoachiwa na marehemu mumewe, na mnunuzi wa Tabora alikuwa akiyasubiri kwa treni ya jioni ile. Ya mtengeneza sabuni yalikuwa mafuta yaliyochacha, yasiyofaa kwa chungu, yanayofaa kwa sabuni. Sasa kila mmoja alisema yake ndiyo yaliyo karibu na mlango. Kuyafungua tunuse hakukuwezekana, maana yote yalizibwa kwa lakiri, na mnunuzi hapokei dumu lililovunjwa lakiri.

"Kompyuta imefariki, Mungu ailaze pema," alisema mtengeneza sabuni. "Tusiikalie matanga. Yangu ni haya."

"Macho yako yanajua kuchagua," alijibu mama. "Mafuta yako hata nzi anayazunguka kwa mbali."

"Mama, mawese ni mawese."

"Basi chukua yale ya kule ndani, kama mawese ni mawese!"

Mdogo wangu alinivuta kando. "Dada, waape. Kila mmoja aape, achukue chake, tumalize."

"Mtu hawezi kuapishwa ili kuziba tundu la ghala letu," nilimwambia. "Leta flashi."

Niliweka programu katika kompyuta yangu, nikachomeka flashi, nikaamuru nakala irejeshwe. Kisanduku cha kosa kikatokea, na mdogo wangu akanyoosha kidole akifunge. Nikaupiga mkono wake. Watu hufunga ujumbe wa kosa kama wanavyomfungia mlango mwombaji, kabla hajasema anachotaka. Halafu hulalamika kwamba mashine haina adabu. Ujumbe wa kosa husomwa wote. Ule ulisema kwamba faili halisomeki: ama limeharibika, ama limetoka katika toleo jingine la programu.

Nilianza na lililo jepesi. Flashi ya bei rahisi huweza kusoma vibaya, kwa hiyo nililinakili faili kwanza ndani ya kompyuta, nikajaribu kulirejesha kutoka humo. Kosa likabaki lile lile. Flashi ikaondolewa katika washukiwa. Kisha nikalinganisha matoleo. Programu niliyoweka asubuhi ile ilikuwa mpya kuliko ile ya ghala, nami nilikuwa nimelitunza toleo la zamani. Niliiondoa mpya, nikaweka ya zamani, nikarudia.

"Bado inakataa," alisema mdogo wangu, akiwa na sauti ya kukata tamaa.

"Inakataa kwa maneno mengine. Hiyo ni hatua."

Safari hii ujumbe ulikuwa wazi kama hukumu: faili hili ni sehemu ya kwanza ya nakala yenye sehemu mbili, sehemu ya pili haikuonekana. Nikakumbuka kwamba programu ile, nakala ikishakuwa kubwa kupita kiasi fulani, huikata vipande na kuviweka pamoja katika folda moja. Nikamgeukia.

"Sehemu ya pili iko wapi?"

Uso wake ukang'aa. Sitausahau mng'ao ule, kwa sababu ulikuwa wa mtu aliyengoja kusifiwa.

"Ipo salama, dada. Nilipoona imeanza kutoka mbili nikasema, afadhali. Moja nikaibakiza hapa, moja nikampa mke wangu akaiweke nyumbani Ujiji. Ghala likiungua, nusu ipo. Si ndivyo babu alivyosema?"

Mtengeneza sabuni akacheka kwa sauti. Mimi sikucheka.

"Magunia ukiyagawa katika boti mbili," nilimwambia, "boti moja ikizama, unauza yaliyobaki. Nusu ya faili utamuuzia nani? Hii ni boti moja, nawe umeikata katikati, ukaziagiza nusu zake zivuke ziwa kila moja peke yake."

Alimpigia simu mkewe, akaiweka simu isikike.

"Ile flashi niliyokupa Ijumaa, unayo?"

"Flashi ipi? Hii nyekundu? Iko kwenye mashine ya kudarizi, inaisomea michoro, nina kofia za bwana harusi hapa."

"Nilikwambia usiiguse! Nilikwambia ikae sandukuni!"

"Ulisema, mume wangu. Nilisikia."

"Umefuta kilichokuwamo?"

"Mashine haikuikubali ikiwa imejaa. Nilifuta, ndiyo."

Mtengeneza sabuni aliita vijana wake waanze kubeba. Mama wa Kagunga hakupiga kelele. Aliketi juu ya dumu moja, akakunja khanga yake magotini, na nikaona kwamba alikuwa amekusudia kubebwa pamoja nalo.

"Hakuna dumu litakalotoka," nilitangaza, "mpaka niseme." Kisha nikaichukua simu. "Wifi, ni mimi. Kabla ya kufuta, ulifanya nini?"

"Shikamoo, wifi. Kwani nimekuwa mwanafunzi wako? Nilihamishia vitu vyake kwenye laptopu ya michoro. Mume wangu akinipa kitu nisichokielewa sikitupi, ila simpi nafasi ya kunizibia kazi. Ningemwomba ruhusa, angenikatalia. Sikumwomba."

"Njoo nayo."

"Na kofia?"

"Njoo nayo, wifi!"

Alifika kwa bajaji, laptopu imefungwa ndani ya kitambaa cheupe chenye mchoro wa kofia nusu. Alimpita mumewe, akanipa mkono. "Mwalimu wa vitabu, leo umekwama kwa mshona kofia," aliniambia. "Nikitoka hapa nitatangaza Ujiji nzima." Nilimruhusu atangaze.

Faili lilikuwapo, katika folda aliyoiita Mizigo ya Mume Wangu, lakini alikuwa amelibadilisha jina ili asilisahau. Ukubwa wake na tarehe yake vilinithibitishia kwamba ndilo lenyewe. Programu hutafuta sehemu ya pili kwa jina la ya kwanza, kwa hiyo nililirudishia jina hilo na namba yake mwishoni, nikaziweka sehemu zote mbili katika folda moja, nikaamuru upya. Mstari wa kijani ukaanza kutembea. Mdogo wangu alikuwa akisoma dua kwa kunong'ona. Mimi nilikuwa nimeshajua.

Orodha ikafunguka. Nilimtaka mtengeneza sabuni mwenyewe anisomee namba za madumu ya mlangoni, kwa sauti, moja baada ya nyingine, na kwa kila namba nikamsomea mwenye mali. Alipofika katikati akaacha kusoma.

"Macho tu, mwalimu," alisema. "Mwanga wa humu ndani mbaya."

"Mwanga utarekebishwa. Yako yako kule nyuma."

Mama wa Kagunga aliinuka kutoka juu ya lile dumu, akalipapasa ubavuni kama mtu anayemtuliza ng'ombe, kisha akawaita wapagazi wake.

Wakati wanapakia nilimketisha mdogo wangu. Nilimwonyesha namna babu angeheshimiwa: nakala kamili hapa, nakala kamili Ujiji, na kila moja ifunguliwe mara kwa mara katika kompyuta nyingine ionekane kama inafufuka. Alinisikiliza, akauliza maswali yaliyonipasa kumjibu kwa kina. Kuhusu wifi nilibaki na fundo. Nimefundisha utii maisha yangu yote, na siku ile mali ya mjane iliokolewa na mke aliyeambiwa asiguse akagusa. Nimelifikiria tangu hapo, nami nimeridhika na jibu hili: aliyekabidhiwa kitu bila kuelezwa thamani yake, akakitunza hivyo hivyo, amezidi kutii.

Mama wa Kagunga alirudi mlangoni kabla ya kuondoka, jasho likimtiririka. "Mwalimu, nikifika nyumbani nitaomba dua. Nimwombee nani? Wewe?"

Ningeweza kuitikia, na hakuna ambaye angenipinga. Nilimwonyesha mwanamke aliyekuwa akiifunga laptopu yake katika kitambaa cheupe, akilalamika kuhusu kofia zake.

"Mwombee huyo," nilisema. "Wifi yangu."