Mama mkwe alitaka kurudi Shinyanga, nikaingia jikoni na viazi vitamu

Wakuu, salamu kutoka Agincourt, huku Scarborough, mashariki mwa Toronto.

Nina furaha ambayo sijui niiweke wapi, kwa hiyo nimeileta hapa. Mke wangu amekaa pembeni yangu anasoma kila mstari ninaoandika, na ameahidi kunikatiza nikiongeza chumvi. Kwa hiyo mtakachosoma ndicho kilichotokea. Tena kuhusu chumvi, humu nyumbani tumeshaipunguza, mtaona kwa nini.

Nianze mwanzo, twende taratibu.

Mwezi wa tano mke wangu alijifungua kwa upasuaji. Mtoto wa kwanza, binti, tumemwita Neema. Mama mkwe akaja kutoka Shinyanga kumsaidia bintiye, tiketi ya miezi sita. Ni mama mmoja mchapakazi, mpole, kumwogesha kichanga anaweza huku macho amefumba.

Sasa kuna jambo moja. Kwa alivyolelewa, mama mkwe hakai meza moja na mkwe wa kiume. Na hali chakula kilichopikwa na mkono wa mkwe. Hiyo kwake si dharau, ni heshima. Mkwe akishaona unavyotafuna, heshima imebaki wapi?

Kwao Shinyanga hilo halina shida, nyumba ina ua, kila mtu na upande wake. Apartment yetu ni vyumba viwili, na sebule na jiko ni chumba kimoja. Ukikohoa jikoni, aliyeko chumbani anakwambia pole.

Halafu mimi nafanya kazi nyumbani, laptop yangu iko kwenye meza ya jikoni. Maana yake mama haingii jikoni nikiwepo, na nipo kila wakati. Akiingia nikiwa nimetoka kidogo, anakuta jiko la umeme la kioo ambalo haliamini hata kidogo. Mara ya kwanza kuliona aliuliza moto wenyewe uko wapi.

Juu ya hapo ana presha. Zahanati ya kwao ilishamwambia apunguze chumvi na mafuta. Watu wa kanisani walituletea vyakula wiki mbili za mwanzo, Mungu awabariki, lakini ilikuwa pilau inayong'aa na kuku wa kukaanga. Mama alikuwa anashukuru, anarudisha sahani ilivyo.

Akabaki na chai na mkate.

Wiki ya tatu nikasikia kupitia ukuta (kupitia ukuta ndiyo njia rasmi ya mawasiliano kati yangu na mama):

"Ng'wanawane, mwambie mwenzio atafute namna ya kubadilisha tiketi. Nirudi mwezi huu."

Ng'wanawane ni mwanangu kwa Kisukuma. Mke wangu akamjibu, "Mama, mtoto hajafika hata siku arobaini."

"Mtoto anaendelea vizuri. Mimi ndiye ninayeisha."

Wakuu, mke wangu alilia. Kidonda hakijapona vizuri, usingizi hakuna, na mtu pekee anayejua kumtuliza Neema anataka kuondoka kwa sababu ya tumbo. Nikajiambia kazi hii ni yangu. Nikamuuliza wife mama anapenda nini kuliko vyote. Akajibu bila kufikiri: viazi vitamu. Huyu ni mama aliyekula viazi asubuhi na matobolwa jioni maisha yake yote. (Matobolwa kwa msiojua ni viazi vilivyochemshwa, vikakatwa vipande na kuanikwa juani mpaka vikauke.)

Viazi vitamu? Nikaona kazi rahisi hiyo.

Nikaenda supamaketi ya karibu, nikachukua vikubwa, vimenona, vina ganda la rangi ya shaba. Nikavichemsha kama tunavyochemsha nyumbani: sufuria kubwa, maji ya kutosha, sahani juu, subiri.

Nilipofunua, nilikuta uji wa rangi ya chungwa.

Hapa nisimame kidogo niwaokoe walioko ughaibuni, maana kosa hili ni letu sisi tu. Mzungu hawezi kulifanya kwa sababu hajui kiazi chetu. Kiazi kitamu cha nyumbani ndani ni cheupe, kikavu, cha unga, unakitafuna unatafuta maji. Hiki kikubwa cha huku ndani ni chungwa na kimejaa maji tayari. Ukikitosa kwenye maji mengine, umekizamisha. Si kibaya, kinataka kuokwa. Sikujua.

Mke wangu akapeleka sahani chumbani na kusema amechemsha yeye. Nikasikia kijiko.  Halafu:

"Hivi ni viazi?"

"Ni viazi, mama."

"Kiazi kinanyweka? Haya ni maboga yamevaa ngozi ya kiazi. Nani alikufundisha kuchemsha hivi? Mimi siye."

Nilicheka pale kwenye sinki, nikakumbuka kwamba ukuta unasikia pande zote mbili. Mke wangu akatoka na sahani, akanong'ona, "Safari nyingine tafuta mwingine wa kumsingizia."

Nikabeba ule uji kwenye mfuko kwenda kuutupa. Kwenye lifti nikakutana na Bibi Lin. Huyu ni jirani wa mlango wa tatu kutoka kwetu, mama wa makamo ya mama mkwe, asili yake Taiwan. Kiingereza chake ni cha maneno machache lakini hakipotezi hata moja. Akachungulia mfuko.

"Maji mengi," akasema.

Nikamweleza kisa chote, kuanzia ghorofa ya saba mpaka chini. Tulipofika chini hakutoka kwenda alikokuwa anakwenda. Akanishika mkono wa shati. "Kiazi kibaya. Twende."

Wakuu, nilivutwa kama mtoto aliyekamatwa na embe za watu mpaka duka la vyakula vya Kiasia, dakika kumi kwa miguu. Duka ambalo nimelipita miaka minne nikijua halinihusu.

Bibi Lin akanipeleka kwenye sanduku la viazi. Ganda la zambarau. Akachukua kimoja chenye mkwaruzo, akanionyesha ndani: cheupe kinachoelekea njano. Nilikitambua kama mtu anavyomtambua shemeji yake uwanja wa ndege.

Nilidhani tumemaliza. Akanivuta tena upande wa mboga za majani.

Matembele.

Narudia, matembele. Majani ya viazi vitamu, yamefungwa vizuri, yamenyunyiziwa maji, yana kibao cha maandishi ya Kichina juu yake. Nilisimama pale nikicheka peke yangu. Mama mmoja mwenye kikapu akahamia upande mwingine.

"Unajua hii?" Bibi Lin akauliza.

"Bibi, hii ni mboga ya kwetu."

Akanitazama vile unavyomtazama mtu anayedai jua ni la kijiji chake. "Ya kwetu," akasema. Kumbe na yeye alikulia kwenye shamba la viazi. Tukakubaliana ni ya wote.

Jikoni kwake akanifundisha, na mimi nawafundisha ninyi. Msiogope, hata kama hujawahi kupika zaidi ya chai utaweza.

Viazi: osha, usimenye, kata vipande vinene kama vidole viwili. Usiviweke ndani ya maji. Viweke juu ya maji, kwenye chombo chenye matundu, mvuke ndio uvipike. Yeye ana kikapu cha mianzi, wewe ukiwa na chujio la chuma linalokaa vizuri juu ya sufuria inatosha. Funika. Dakika ishirini, choma na uma, ukipita bila ubishi vimeiva. Vitakuwa vikavu na vya unga kama vya nyumbani.

Matembele: vunja majani na vile vikonyo laini, vigumu viache (vigumu usivitupe, tutarudi). Karai lipate moto kweli kweli kabla hujaweka chochote. Mafuta kijiko kimoja tu. Vitunguu saumu vilivyopondwa na tangawizi iliyokatwa kama njiti, sekunde chache, halafu matembele yote kwa mkupuo. Yataonekana mengi kuliko karai. Tulia, yatanywea. Geuza, geuza, dakika mbili, epua yakiwa bado kijani. Sisi tumezoea kuyapika mpaka yakubali makosa yao yote. Hapa unayaacha na utu wake.

Soya sosi: angalieni sana hapa wenye presha, ile ni chumvi iliyojificha. Tafuta ya chumvi kidogo, kijiko cha chai kimoja kwa karai zima, na chumvi nyingine usiguse. Ladha itoke kwenye tangawizi, ndimu na matone machache ya mafuta ya ufuta mwishoni. Juu nyunyiza karanga zilizokaangwa na kupondwa. Karanga ni wazo langu, Msukuma hakatai karanga.

Nilionja wima pale jikoni kwa Bibi Lin. Wakuu, nilikuwa nimekula matembele miaka yote ya utoto wangu bila kujua kwamba yanaweza kulia kidogo kwenye meno. Nilikula mpaka Bibi Lin akanipiga mkono na mwiko. "Ya mama," akasema.

Siku iliyofuata nikapika mwenyewe, kwangu. Mke wangu akapeleka sahani akisema, "Mama, jirani yetu wa Taiwan katuletea."

Nikakaa mbele ya laptop, sisomi kitu, nasikiliza ukuta.

Kijiko. Kijiko. Kijiko.

"Haya si matembele?"

"Ndiyo mama."

"Huku Ulaya?" Kwa mama kila penye baridi ni Ulaya. "Mbona hayajaiva?" Kijiko kikaendelea. "Lakini yanaliwa."

Sahani ilirudi nyeupe. Mke wangu alitoka nayo ameishika juu kama kombe.

Kesho yake nikapika tena, nikaongeza karoti na uyoga. Keshokutwa nikabadilisha, viazi vya mvuke nikavigeuza kwenye karai na tui kidogo, bizari na maharage mabichi. Siku sita "jirani" alituletea chakula. Mama akaanza kuimba akimwogesha Neema. Habari ya tiketi ikapotea.

Siku ya saba mama alifunga kitenge kipya kwenye mfuko, pamoja na kifurushi cha matobolwa alichokuja nacho, akasema anakwenda kumshukuru huyo jirani. Hatukuwa na namna ya kumzuia. Mke wangu akanitazama. Nikawatangulia kwenda kubonyeza kengele, nikitumaini kumkonyeza Bibi Lin.

Bibi Lin haelewi kukonyezwa.

Mama akatoa shukrani ndefu kwa Kiswahili, kwa mikono miwili, mke wangu anatafsiri: asante kwa chakula cha siku zote hizi. Bibi Lin akapokea kitenge, akakipapasa, akakisifu. Halafu akatikisa kichwa na kuninyooshea kidole kirefu.

"Si mimi. Huyu anapika."

Mke wangu hakutafsiri. Haikuhitajika, kidole kilikuwa Kiswahili tosha.

 Mama aliinamisha kichwa, akageuka, akatembea mpaka kwetu, akaingia chumbani na kufunga mlango taratibu. Kule kufunga taratibu ndiko kulikonimaliza. Angeubamiza ningejua nasimama wapi.

Siku nzima ukuta haukusema chochote. Mimi nikaanza kuangalia ndege za mwezi huu, najiona mtu niliyemvunjia mama wa watu heshima yake bila yeye kujua. Hilo ndilo lililoniuma kuliko tiketi. Nilitaka ale, ndiyo, lakini nilimdanganya ili ale.

Ilipofika saa ya kupika nikajiuliza nifanye nini. Nikapika, nikaiacha sahani mezani. Nikagonga ule ukuta na kusema, kwa mara ya kwanza moja kwa moja, "Mama, nisamehe. Ni mimi nilikuwa napika. Cha leo nacho nimepika mimi. Kama hutakula nitaelewa."

 Halafu, kwa sauti ya mtu anayezungumza na bintiye ingawa bintiye alikuwa amesimama pembeni yangu:

"Ng'wanawane, mwambie mkwe tangawizi anazidisha."

Mlango ukafunguka. Mama akatoka amejifunga khanga vizuri, akaja mpaka mezani, akavuta kiti. Akakigeuza. Akakaa akitazama dirishani, mgongo kwangu, sahani mapajani, akaanza kula.

Nami nikageuza changu kutazama friji. Tukala hivyo, mgongo kwa mgongo, mke wangu katikati na Neema, anacheka mpaka anashika kidonda.

Ndivyo tunavyokula mpaka leo, wakuu. Heshima ipo, na sahani zinarudi nyeupe.

Nilichojifunza ni kidogo tu. Chakula cha nyumbani huku kipo, ila yawezekana kimelala kwenye duka la mtu mwingine, chini ya jina usilolisoma, kwa hiyo ingia. Na mtu akikataa chakula chako, usikimbilie kumdanganya. Mwombe, kisha mpe nafasi ya kugeuza kiti.

Mlioko Canada na kwingine, niambieni matembele mnayapata wapi na mnayapikaje. Na kama kuna mwenye njia ya kuoka kile kiazi cha chungwa kikakubalika kwa Msukuma, aiweke hapa, ninavyo bado viwili.

Karibu nisahau vile vikonyo vigumu. Juzi mama aliniomba ndoo na udongo. Kumbe alikuwa ameviloweka kwenye glasi dirishani na vimetoa mizizi. Sasa vimesimama kwenye ndoo tatu hapo balcony. Nikamuuliza, nikiwa nimetazama friji, vitachukua muda gani mpaka tuchume.

"Wiki sita," mgongo wake ukajibu. "Na usiviguse. Maji nitamwagilia mwenyewe."