Betri Zilizovuliwa Ngozi

Wateja walimwita Bi Ngozi, na si kwa ubaya. Kabla hajakuuzia betri ya sigara ya umeme, aliizungusha vidoleni akikagua ile plastiki nyembamba inayoifunika, ambayo yeye aliiita ngozi. Ikiwa na mchaniko hata wa upana wa uzi, huipati. Ukimletea habari za betri nyingine iliyoandikwa namba kubwa kubwa za nguvu, anakucheka. “Mtu anaweza kuandika lolote juu ya plastiki,” alisema. “Wewe nunua inayoweza kubeba mzigo wa kifaa chako.” Kisha likafuata somo ambalo wazoefu walilijua kwa moyo: chaja yake yenyewe, juu ya sakafu tupu, ukiwa macho. Na usiitie mfukoni pamoja na funguo, labda kama umelichoka paja lako.

Duka lenyewe lilikuwa meza na kabati la kioo chini ya ngazi za jengo la ofisi. Baba yake, fundi cherehani aliyestaafu, alishinda naye hapo tangu alipofiwa na mkewe. Mzee alikuwa ameanza kunyauka nyumbani, hasemi, hali, na binti akaona heri ampe shughuli. Akampa kazi ya kuvisha: betri nzima iliyochakaa ngozi huvuliwa, ikavalishwa plastiki mpya, ikapulizwa hewa ya moto mpaka ikabana. Mzee alifufuka. Mikono iliyoshona suti za maharusi ilivisha betri bila kunyanzi hata moja. “Baba, ukiachiwa utazitia na vifungo,” binti alimtania, na mzee akacheka kwa mara ya kwanza baada ya msiba.

Lakini Bi Ngozi alikuwa na desturi yake mwenyewe. Betri iliyopata moto kwenye chaja bila sababu aliihesabu marehemu. Aliivua ngozi na kuitia uchi kwenye kopo la mchanga, ili asitokee mtu wa kuidhania nzima, mpaka apate nafasi ya kuipeleka kwa wanaokusanya taka za hatari. Kwake, uchi ulikuwa hukumu. Desturi hiyo hakumweleza baba yake. Si kwamba alisahau, aliona haya kumfundisha kazi mtu aliyemfundisha yeye kushika mkasi.

Asubuhi moja alikwenda kuchukua mzigo, akamwachia mzee duka. Aliporudi, kopo lilikuwa na mchanga mtupu.

“Baba, zile betri za humu ziko wapi?”

“Zilikuwa uchi, mwanangu. Nimezivisha ngozi za kijani,” mzee alisema, uso umemkunjuka kwa fahari. “Na hazikukaa. Yule mlinzi wa ghala kapita akitoka kazini, kachukua zote mbili. Kazisifu sana.”

Mlinzi yule alikesha kazini na kulala mchana, na betri zake alizichaji kitandani akiwa usingizini. Walishagombana juu ya jambo hilo zaidi ya mara moja. “Nikiwa macho niko lindo, dada yangu,” mlinzi alijitetea. “Sasa nichaji saa ngapi?”

Bi Ngozi alimpigia, simu ilikuwa imezimwa. Akatoka mbio. Alichojua ni kwamba mlinzi anakaa nyuma ya karakana ya magari, basi, na nyuma ya karakana kulikuwa na vyumba safu kwa safu, milango yote rangi moja. Aligonga kila mlango kama mwenda wazimu. Watu walimtolea macho, wakamwelekeza huku, wakamrudisha kule. Alikimbia akiomba Mungu, akijilaani, akiomba tena. Nimemuua, alijiambia. Nimemuua mtoto wa watu kwa haya zangu.

Mwisho wa safu ya nyuma aliona moshi ukitoka chini ya mlango. Majirani waliuvunja. Mlinzi alikuwa amepiga magoti karibu na dirisha, anakohoa, godoro linaungua pale chaja ilipokuwa, kando ya mto. Alikuwa ameishika betri inayowaka kwa mkono mtupu na kuirusha nje. Kiganja kilikuwa hakitazamiki.

Mlinzi hakumtukana. Afadhali angemtukana. “Lakini zilikuwa nzima, dada,” alisema, sauti imekauka. “Nilizikagua ngozi kama ulivyonifundisha.”

Hospitali waliambiwa atapona, ila vidole huenda visikunjike tena. Bi Ngozi alirudi dukani, akamkuta baba yake angali ameketi mezani anamngoja. Akamweleza yote, hakuficha kitu.

“Mkono gani?” mzee aliuliza.

“Wa kulia.”

Mzee aliweka mikono yake juu ya meza, akaitazama. “Nilikosea wapi? Hazikubana?”

“Zilibana, baba. Ulizivisha vizuri mno, hata mimi nisingezijua. Kosa ni langu, sikukwambia.”

“Kwa nini hukuniambia?”

Alitaka kusema ni heshima, akaona anaongeza uongo juu ya kosa. Akasema alimwonea huruma. Mzee aliinama akalia bila kujificha.