Simu Iliyosikia Upande Mmoja

Simu yangu ni ndogo, na sitaki mtu anicheke kwa ajili yake. Inaenea kiganjani, inaingia mfukoni mwa blauzi, na picha zake zinazishinda zile za simu kubwa kama sinia ambazo watu wa mjini kati hutembea nazo. Kaka yangu, mwenye sinia lake, alipoiona mara ya kwanza alicheka hadi akakohoa.

"Feza yote ile, kwa katelefone ya mutoto?"

Siku moja nikampigia nikiwa sokoni, katikati ya honi, jenereta na wachuuzi wanaoita wateja, naye akaniuliza kama niko kanisani. Ndivyo simu yangu ilivyo: inaishika sauti ya mtu, kelele nyingine zote inazitupa. Nilijivuna mno.

Kasoro zake nilizijua pia. Chaji inakwisha upesi, na kwetu Annexe, pembeni mwa mji, umeme ukikatika ni balaa. Tena kuna kile kimraba cha njano kinachotafuta nyuso unapopiga picha. Kikikosa uso hushika chochote, doa la ukutani, hata sufuria. Niliyaona hayo kuwa mambo madogo.

Baba yetu alikuwa mzee aliyestaafu kazi ya reli. Ugonjwa wa koo ulimla sauti hadi ikabaki pumzi tu. Alijua anakwenda, na hakuwa na hofu. Alitaka jambo moja: alazwe kando ya mama yake kule Kambove, kwenye makaburi ya zamani ambako misalaba imeoza na hakuna jina linalosomeka. Kaburi la bibi alilijua yeye peke yake. Basi mchana mmoja nikamwegemeza kwenye mito, nikakaa mbele yake na kumrekodi video akinielekeza. Alinong'ona muda mrefu. Nilimwitikia, lakini akili yangu ilikuwa kwenye picha, mkono usitikisike. Maneno niliiachia simu iyashike.

Mwishoni alikigeukia kiti kitupu kando ya kitanda, akatabasamu, akaendelea kunong'ona huko. Kwenye kioo cha simu, kimraba kilitoka usoni mwake, kikahamia kitini, kikatulia juu kidogo ya mgongo wa kiti, pale ambapo kingekuwa kichwa cha mtu aliyeketi. Niliogopa, nikazima.

Alifariki kabla ya wiki kwisha. Watu walikuwa wamejaa matangani kaka aliponivuta pembeni.

"Leta telefone, tusikie kaburi iko wapi."

Tukaingia chumbani kwa baba, nikaiwasha video. Midomo yake ilikuwa ikienda, sauti haikuwepo. Simu iliidhani pumzi yake kuwa upepo, ikaitupa. Iliyobaki ni sauti yangu, safi kabisa, ikimjibu mtu asiyesema.

"Kuvuka reli? Aya." Kimya. "Kufwata ukuta ya mawe?" Kimya. "Muti ya pili ao ya tatu?" Kimya kirefu. "Aya, papa, nimesikia."

"Umesikia nini?" kaka aliniuliza.

"Sijui, yaya," nilimjibu kaka yangu mkubwa.

Video haikuwa imekwisha. "Papa, unasema na nani?" ilisema sauti yangu. Kimya. "Mama yako?"

Kaka alikitazama kile kiti, akatoka. Nami sikubaki nyuma.

Tulikwenda Kambove na wachimba kaburi wawili, tukifuata nusu ya mazungumzo. Reli tuliivuka, ukuta tuliuona. Lakini mti wa pili na wa tatu ilikuwa imeachana mbali, na chini yake udongo mwekundu mtupu. Nilijua kwamba nikikosea, baba yangu atalala kando ya mgeni milele, na hakuna atakayeniambia. Nililia kwa hasira. Niliitukana ile simu mbele ya watu, mimi na umri wangu huu.

Kisha nikafungua kamera. Ningeweza kusema sijui kwa nini, lakini nilijua vizuri ninachokitafuta.

Niliielekeza kwenye mti wa pili. Udongo tu. Nikaigeuza taratibu kwenye mti wa tatu. Udongo tu, halafu kimraba cha njano kikatokea juu ya ardhi tupu, kikatulia. Niliisogeza simu kushoto na kulia, chenyewe hakikuhama pale. Nilijiambia ni doa, ni jiwe, ni ile kasoro ninayoijua.

Ndipo kando yake kikatokea cha pili.

Simu ikazimika, chaji imekwisha. Wachimbaji walikuwa wakiningoja na majembe yao. Nilitembea hadi pale, nikawaonyesha mahali pa kile cha pili, kando ya bibi.