Kadi Mfukoni mwa Mzee Pipeti

Kwa miaka kumi na minane, fundi sanifu wa maabara ya kemia alikuwa mlezi wa ushirika wa wanafunzi Wakristo chuoni. Kila Jumatano saa kumi alasiri aliingia Chumba Namba Saba akiwa na kadi katika mfuko wa koti lake jeupe. Wanafunzi walimwita Mzee Pipeti, kwa kuwa maneno yalimtoka tone kwa tone, kama dawa katika mrija wa kupimia. Upande mmoja wa kadi aliandika swali. Upande wa pili, jibu. Kazi ndiyo iliyomzoeza hivyo: kabla ya mtihani wa vitendo yeye huandaa kemikali, na sharti ajue matokeo kabla ya mtu yeyote.

Daftari la mahudhurio la mwaka wake wa kwanza lina majina arobaini na moja. La mwaka wa kumi na nane, tisa. Uongozi wa chuo ukamwandikia kwamba wasipofika kumi na watano mwisho wa muhula, chumba kitapewa klabu ya mdahalo. Mzee Pipeti akayanoa maswali. "Ukifa leo, nani chuoni atajua kwamba uliamini?" Wakabaki saba.

Mmoja wa walioondoka alikuwa msichana wa mwaka wa pili, mbishi kwelikweli, aliyebandikwa jina la Wakili. Siku moja msichana huyo alimkuta Mzee Pipeti maabara akisuuza chupa.

"Mwanangu, mbona umetukimbia? Maswali yamekuwa magumu?"

"Magumu wapi, mzee. Jibu liko mfukoni. Sisi tunakutazama mkono tu, utaugusa mfuko saa ngapi."

"Kwa hiyo nisiulize?"

"Uliza. Ila uliza linalokusumbua wewe. Haya mengine unatusahihisha tu."

Nyumbani alimsimulia mkewe, fundi cherehani, akitarajia kuonewa huruma. Mkewe hakuondoa mguu kwenye mashine.

"Baba Watoto, hata mimi ukiniuliza tupike nini, huwa umeshabandika sufuria."

Jumatano iliyofuata alikwenda bila kadi. Alisimama mbele ya wale saba, mkono ukipapasa mfuko mtupu.

"Mama yangu aliugua miaka miwili," alisema. "Nilimwombea kila siku. Akafa kwa maumivu. Nimewafundisha maombi humu bila kulitamka hilo. Sijui kama nilisikilizwa. Ninyi mnaonaje?"

Safari hii hakuwatangulia kwa jibu. Hatimaye kijana wa safu ya nyuma akakohoa.

"Mzee, mimi niliacha kuomba tangu mwaka jana. Huwa nafuata viti tu, hosteli hatuna."

Wakacheka, na mlezi pamoja nao. "Basi kaa, baba. Kaa utuambie uliachaje."

Kikao kilichozoea kwisha saa kumi na moja kilimalizika saa moja kasoro. Habari zikaenea, wengine wakaja. Lakini siku ya kuhesabiwa walikuwa kumi na watatu. Uongozi haukupunguza hata mmoja, na Mzee Pipeti akarudisha ufunguo.

Jumatano ya muhula mpya aliwafungulia maabara. Wakajibanza kwenye vigoda virefu, katikati ya harufu ya siki. Wakili aliingia wa mwisho, nyuma yake wanachama wawili wa klabu ya mdahalo.

"Wamechoka kutetea wasichokiamini," akaeleza, macho yake yakiwa kwenye koti jeupe.

Mlezi aliona macho hayo yanatazama wapi. Akaugeuza mfuko nje: nyuzi tu, na doa kuukuu la dawa.

"Haya," akasema, akivuta kigoda chake kati yao, "leo nani anauliza?"