Macho Mekundu ya Bibi

Gundi ya unga wa muhogo ikianza kuungua hunuka kama ugali uliosahauliwa jikoni, na harufu hiyo hadi leo hunifanya nishike kiganja changu. Nyumba yetu ya Mtendeni, Tabora, ilinuka gundi na wino toka sebuleni hadi uani. Baba na mama yake, yaani Bibi yangu, walikuwa wameanzisha uchapaji wa vitabu vya kujifunzia kusoma, kwa sababu Bibi alijifunza kusoma akiwa mtu mzima na hakutaka mtoto yeyote acheleweshwe kama yeye. Baba alichora na kuchapa. Bibi alikoroga gundi kwenye kuni, na moshi wa miaka mingi ulimwachia macho mekundu.

Kwenye herufi B, Baba alimchora mama yake. Wino wetu ulikuwa mweusi na mwekundu tu, naye kwa mapenzi akayapaka macho rangi yake halisi. Mapenzi gani hayo, jamani! Kwetu kikongwe mwenye macho mekundu huitwa mchawi kwa jambo dogo tu, na kitabu kile kilikuwa kimeenea mtaa mzima wa Isevya. Mtoto mmoja wa huko alipofariki kwa degedege, kitabu kilikutwa kitandani mwake, kimefunuliwa kwenye ukurasa wa Bibi.

Watu wa Isevya walikuja mchana kweupe na mapanga na marungu. "Mtoeni mchawi!" Walivunja mlango, wakapindua mashine, wakamburuta Bibi hadi uani huku nimeng'ang'ania khanga yake. Panga lilipomshukia aliinua mkono kujikinga, damu ikanirukia usoni. Mama yangu alinyakua sufuria ya gundi iliyokuwa ikichemka, akawamwagia. Mayowe yale siyasahau, wala sijawahi kuwahurumia. Ndipo wakakimbia.

Bibi alirudi kutoka hospitali hana kiganja, akamkuta Baba akiuchana ukurasa ule kwenye vitabu vilivyobaki.

"Mama, watakuua," Baba alisema.

"Acha, mwanangu. Ukinitoa humo, umekubaliana nao."

Sasa kampuni ninaiendesha mimi, na mashine yangu inatoa rangi zote. Juzi mwalimu mmoja wa Nzega aliniomba niyafanye macho yale meupe, watoto wasiogope. Nilikataa kwa hasira. Vikongwe bado wanakatwa mapanga kwa sababu ya macho yao. Watoto na wayazoee wangali wadogo. Lakini kila tunapotoa chapa mpya, mchana kweupe, mlango wangu naufunga kwa komeo.