Siku Mchanga wa Machakos Ulipotoa Dhahabu

Nianze kwa kukiri kwamba hadi leo nikipita mtaa wa Mbotela, Nairobi, huwa nachagua njia ya nyuma, ile ya kwenye vibanda vya makaa, na si kwamba naogopa wezi, ni aibu tu, aibu ya miaka ya tisini ambayo ningedhani imeshachakaa, lakini watu wa kwetu hawasahau, na kuna mama mmoja muuza sukuma wiki ambaye akiniona tu huuliza kwa sauti ya kusikika hadi Jogoo Road, "Baba, na kidonda kilipona?" Nami hucheka pamoja naye, kwani nitafanya nini.

Wakati huo nilikuwa nimeoa juzijuzi, tunakaa Umoja mimi na Ayuma kwenye chumba kimoja chenye pazia katikati, na kazi yangu ilikuwa kuchekecha udongo. Ndiyo, udongo, na nilikuwa nalipwa. Kulikuwa na kampuni iliyokuwa inatafuta dhahabu huko kwetu magharibi, upande wa Kakamega, kwenye yale mashimo ya zamani ambayo wazungu walichimba enzi za babu zetu kisha wakayaacha, na hawa wapya walidhani huenda wale wa kwanza walibakisha kitu. Vijana wa huko nyumbani walikuwa wanachota udongo, bakuli moja hapa, bakuli jingine hatua mia mbele, wanautia kwenye mifuko midogo ya kitambaa yenye namba, lori linaileta mpaka godauni letu Industrial Area, na hapo mimi na mwenzangu Wafula tunaukausha, tunauponda na kuuchekecha mpaka unabaki vumbi laini la kupeleka maabara. Wale wa maabara hawakuwa wanatafuta dhahabu ya kushika mkononi, walikuwa wanatafuta chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, ili kampuni ijue pa kuchimba kwa kina na pa kuacha.

Mkubwa wetu alikuwa Madam Kalekye, mtaalamu wa miamba, Mkamba mmoja mpole ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti. Siku ya kwanza alitupa sheria moja tu: hakuna pete, hakuna saa, hakuna cheni, hakuna kitu chochote cha dhahabu mwilini mtu akigusa udongo. Alitueleza taratibu kwamba dhahabu ni laini, ikisuguliwa na mchanga inaacha unga ambao hutauona, na unga huo ukiingia kwenye mfuko basi maabara watasema shamba la fulani lina dhahabu, kumbe ni kidole cha mtu. Wafula, ambaye hakuwa na mke wala saa, alisema hiyo haina shida. Mimi nikavua pete yangu ya ndoa nikaitia mfukoni, na wiki za kwanza mambo yalikwenda vizuri kabisa.

Shida ilikuwa baba mkwe. Mzee Amukowa alikuwa mfanyakazi wa kanjo, yaani halmashauri ya jiji, amekaa nyumba ya kanjo Mbotela tangu Ayuma hajazaliwa, mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache na macho mengi. Binti yake mkubwa alikuwa ameolewa na bwana mmoja aliyekuwa anavua pete kila akitoka nyumbani, na sababu ya kuivua ukoo mzima ulikuja kuijua, kwa hiyo mimi mkwe wa pili nikarithi makosa ya wa kwanza. Mzee ndiye aliyesisitiza pete ziwe za dhahabu safi (sonara alituambia safi hivyo itakuwa laini sana, Mzee akasema afadhali), na kila Jumapili baada ya ibada, kabla hata ya salamu, macho yake yalikuwa yanashuka kwanza kwenye kidole changu. Sasa Jumapili moja nikawa nimeisahau pete kwenye ovaroli ya kazi.

"Pete iko wapi?"

"Iko kazini, Mzee."

"Kazi gani hiyo ya kuvuliwa pete? Mwenzako naye alikuwa anasema kazini."

Nikaeleza habari za unga na maabara, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia nikidanganya, ingawa ilikuwa kweli tupu. Ayuma alingoja mpaka tukafika Umoja akasema neno moja tu, kwamba dada yake naye alianza hivyo hivyo. Hilo liliniuma. Basi Jumatatu asubuhi, badala ya kuvua pete, nikanunua plasta ya vidonda dukani nikaifunga juu ya pete, mizunguko mitatu, nikajiambia hapo nimemridhisha baba mkwe na nimemridhisha Madam, na nikaenda kazini nikijiona nina akili sana.

Plasta na udongo, ndugu zangu, haviendi pamoja. Kufika saa nne ilikuwa imelowa jasho, saa sita upande wa kiganjani umechanika na pete iko nje inasugua chekeche, nami naikunja plasta, naendelea na kazi, kesho nafunga nyingine. Hivyo hivyo miezi mitatu, na Jumapili naibandua ili Mzee aione pete.

"Buda, hiyo kidonda yako itapona lini?" Wafula aliniuliza. "Ama ni ukoma?"

Hata Madam aliniona, akanihurumia, akaniandikia kikaratasi cha kwenda zahanati. Nikaenda nikakaa kwenye benchi nusu saa, nikarudi nikasema wameniambia nisubiri.

Kisha majibu ya kwanza yakaja. Niliyaona mezani kwa Madam nilipopeleka chai, na mimi nilizijua zile namba za mifuko kuliko jina langu, nikaona mifuko ya kando ya lile shimo kubwa la zamani, ile iliyotoka kwenye shamba la Mzee Amukowa mwenyewe huko nyumbani, mifuko niliyoichekecha kwa mkono huu, yote ina dhahabu. Si kidogo. Kila mstari una namba nene. Nilirudi kuponda udongo nikiimba. Madam alikuwa ametukataza kuyataja majibu nje ya godauni, lakini nilifikiri, huyu ni baba mkwe, na ni shamba lake, na Jumapili ile ilikuwa ya mkutano wa watu wa nyumbani pale ukumbini Mbotela, tunapokutana kila mwezi kupanga mambo ya mazishi na ya shule. Nikangoja mpaka ajenda ya mengineyo, nikasimama (mkwe hasimami kusema mbele ya wakwe zake kabla hajaitwa, hilo nalijua, na nilisimama), nikasema kwamba shambani kwa Mzee Amukowa kumepatikana dhahabu.

Sitasahau alivyonitazama. Mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake, macho hayakushuka kidoleni.

Sasa hapa ndipo jambo lenyewe lilipo, maana kama ingekuwa ni maneno tu ya ukumbini ningesamehewa. Mzee alikuwa anastaafu mwisho wa mwaka. Nyumba ya Mbotela ingerudi kwa kanjo, yeye na mama mkwe waende nyumbani, na huko nyumbani mdogo wake alikuwa amekwisha kumfyatulia matofali ya nyumba mpya, yamepangwa tayari, yanangoja tu kuchomwa. Mama mkwe alikuwa amelichora jiko lake kwenye karatasi ya kalenda. Lakini Mzee alipokwisha kunisikia akaandika barua: acheni kila kitu, hakuna anayejenga juu ya dhahabu. Matofali yakabaki pale pale, mabichi, na masika yalikuwa mlangoni.

Mwezi uliofuata wakaamua kumwalika Madam Kalekye aje awaeleze watu kazi itaanza lini. Mimi nilijua barua ya mwaliko imepelekwa, na nilipomwona Madam anakubali kuja kwa upole wake ule ule, bila kuniuliza lolote, nikadhani anaona fahari. Akina mama walipika kuku na ugali, ukumbi ukajaa, na ilipoletwa ile sahani ya Mzee akafanya kitu ambacho watu walikizungumza kuliko hata dhahabu: akachukua firigisi. Kwetu firigisi ya kuku ni ya mwenye nyumba, mkwe hata kuitazama haitazami. Mzee aliinyanyua mbele ya watu wote akasema, "Huyu kijana nilimdhania vingine. Leo ale hii." Nikaipokea kwa mikono miwili, nikaitia mdomoni, na firigisi mnavyojua haitafuniki haraka.

Ndipo Madam akasimama. Aliwashukuru kwa chakula, akauliza ni nani aliyewapa habari, na ukumbi mzima ukaninyooshea vidole kwa fahari, mimi ninatafuna. Akaitikia kwa kichwa. Akasema katika kazi yao, katikati ya mifuko ya udongo, huwa anaingiza mifuko michache ya mchanga wa kawaida wa kujengea, ule unaoletwa na malori kutoka kwao Machakos, bila kuwaambia wachekechaji ni ipi, kwa sababu mchanga ule hauna kitu na maabara wakiona kitu ndani yake basi kuna kosa mahali.

"Safari hii," alisema, "mchanga wa Machakos umetoa dhahabu."

Mzee mmoja nyuma akasema basi na Wakamba wamebahatika, watu wakacheka, na Madam naye akatabasamu. Kisha akasema amefungua daftari la kazi, na mifuko yote yenye dhahabu, ya kwetu na ya Machakos, imechekechwa na mtu mmoja, na ile aliyoichekecha Wafula haina chochote. Akanigeukia. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Shivachi, kidonda chako kinaendeleaje?"

Firigisi ilikuwa bado mdomoni. Kabla sijaimeza Mzee Amukowa akanijibia, kwa sauti ya mtu anayemtetea mwanawe.

"Kidonda gani, Madam? Huyu hana kidonda. Hicho kidole nakijua mimi, nakikagua kila Jumapili, na pete haijatoka hapo miezi mitatu."

Nilimwona Madam akielewa, na nyuma yake kidogo nikamwona Mzee akielewa, na Ayuma aliyekuwa amesimama na akina mama akaweka birika chini akajifunika uso kwa kitambaa. Kuna mtu aliuliza kwani kuna nini, akaelezwa, akamweleza wa pili, na kicheko kikaanza mlangoni kikaja mbele safu kwa safu mpaka kikanifikia. Mzee hakucheka. Alikaa chini, akatazama sahani yake, akamwambia mama mkwe kwa sauti ndogo, "Matofali." Nilitamani ukumbi ule unimeze.

Matofali yalikuwa yameshanyeshewa. Barua ya pili ilipofika huko nyumbani, mdogo wake alijibu kwamba pale palipokuwa na matofali elfu sasa pana kichuguu cha matope.

Madam hakunifukuza. Alinihamishia kwenye kubandika lebo, akaagiza udongo wote uchotwe upya na uchekechwe na Wafula peke yake, na kazi hiyo ilipokwisha akanipa likizo kabla sijaomba. Nikapanda basi na baba mkwe kwenda kwao, mama mkwe akiwa ametangulia. Wiki mbili nilikanyaga udongo kwenye shimo, suruali imekunjwa magotini, nafyatua matofali mbele ya majirani wote (mkwe kuonyesha mapaja kwa wakwe zake, fikirieni), mama mkwe ananitumia chakula kwa mkono wa watoto kwa sababu hawezi kuja karibu, na Mzee anapanga matofali kivulini. Sikuwa na kinyongo. Kila tofali nililolitoa lilinipunguzia kitu moyoni.

Siku ya mwisho, tanuri limejaa, tunangoja tu kuwasha, Mzee akaja akasimama ukingoni mwa shimo. Alizungumza huku anatazama kule kwenye shimo la wazungu, ambalo liko umbali wa mchungaji kuita ng'ombe wake.

"Mkwe. Ile mifuko aliyorudia yule mwenzako. Ya hapa kwangu. Nayo haikuwa na kitu kabisa?"

Sasa mnielewe. Majibu yale yalikuja siku mbili kabla sijaondoka Nairobi, na nilikuwa nimeyaona. Mifuko yote ilikuwa mitupu isipokuwa mmoja, wa pale pale tulipojenga tanuri, ambao Wafula aliuchekecha kwa mikono mitupu na ulikuwa na kitu. Kidogo. Labda si kitu cha maana, labda ni cha maana, Madam mwenyewe alisema hilo ni swali la miaka mingi na alinitazama sana alipokuwa analisema. Nilimtazama Mzee, nikamwona mama mkwe mlangoni kwa kibanda chao cha zamani kinachovuja, na nikahisi maneno yamejaa mdomoni vilevile kama ile firigisi.

"Hilo aulizwe Madam, Mzee," nikasema. "Tuwashe moto kabla mvua haijarudi."

Tukawasha. Nyumba ilijengwa, wanaikalia mpaka leo, na mimi tangu siku ile niliapa habari njema ya mtu mwingine sitaitangaza tena, hata nikiwa na uhakika nayo. Nyinyi ndio wa kwanza kusikia. Mkikutana na Mzee, tafadhali, mwulizeni habari za mahindi tu.