Ulimi wa Asiyefunga

Nyumba nzima ilikuwa imefunga isipokuwa Raihana, kwa sababu alikuwa ananyonyesha, na hapo ndipo balaa lilipomkuta.

Idi ilikuwa imekaribia. Siku ya Idi sinia ya wifi yake Saliha ilitakiwa ipelekwe kwa wakwe zake, na Saliha ameapa kuwa haiwekwi visheti wala kashata. Anataka macaron, vile vibiskuti vya Kifaransa vilivyobanwa viwili viwili na krimu katikati, alivyoviona kwenye simu.

"Sisi tumefunga, wifi. We ndiye mwenye ulimi," alisema Saliha. "Zunguka mujini, onja kila mahali, utuambie wapi ni tamu."

Tuseme ukweli, Raihana alifurahi. Tangu aolewe hapo mtaa wa Buyenzi, hakuna aliyewahi kumuuliza hata kama chumvi ya mchuzi imetosha. Leo nyumba ingekaa kusubiri neno lake. Akambeba Khaled mgongoni, akatoka.

Furaha iliishia Rohero, katikati ya mji. Kwenye patiseri ya kwanza, duka la keki lenye vioo na ubaridi wa mashine, msichana wa kaunta aliutazama mtandio, akaitazama macaron ya kijani iliyokuwa inakwenda mdomoni.

"Mama, si muko mwezi wa Ramadhani?"

"Mi nanyonyesha."

"Ah bon, kumbe," alijibu, kwa sauti ya mtu ambaye hajaamini.

Raihana akatafuna ameelekea ukutani kama mwizi. Ganda gumu, ndani sukari tupu. Akafungasha chache za kuonyesha nyumbani.

Macaron ya duka la pili, karibu na soko, ilinuka yai. Alikuwa bado anapangusa makombo alipokutana uso kwa uso na mama Ilyasi, jirani yao, mwanamke ambaye akipata habari asubuhi, kufika adhuhuri mtaa umeshaimaliza.

"Raihana! Muchana kweupe?"

"Nimetumwa, mama Ilyasi."

"Umetumwa kula?" Wala hakungoja jibu.

Jua likapanda, Khaled akaanza kulia, jasho likamshuka Raihana mpaka kwenye ndala. Alipofika mtaa wa Kanyosha kwa Adélaïde, mama anayeoka jikoni kwake, alikuwa hataki tena kusikia neno macaron. Adélaïde akampa kiti kwanza, na maji, kisha moja ya karanga, rangi yake kama udongo. Ganda likavunjika polepole, krimu ikayeyuka bila kukimbilia kooni. Raihana akafumba macho. Hii sasa ni chakula. Akafungasha na hizo.

Jioni, baada ya tende na uji, akaziweka kwenye sahani mbele ya wote.

"Nimeonja zote. Ya Kanyosha ndiyo."

Saliha hakugusa hata moja. Alitoa kipande cha kitambaa cha gauni lake la kupigia picha siku ya Idi, akakilaza kando ya sahani. "Apana, hii ya Rohero. Kijani chake ni kile kile."

"Onja kwanza."

"Ya nini? Kwenye picha nani ataonja?"

Damu ikampanda Raihana. "Kumbe ulikuwa unatafuta rangi?"

"Eh."

"Sasa si ungeenda mwenyewe! Macho yanavunja swaumu?"

Jibu lililosikika ni taya la mama mkwe wa Raihana, Bi Asiya. Alikuwa ameuma ile ya kijani, akaisukuma pembeni. Akala ya karanga. Mkono ukarudi kwenye sahani, ukarudi tena.

"Hii ndiyo itaenda," alisema. "Kule kwa wakwe kuna muzee hana meno. Nimupelekee mawe ya kijani? Raihana, kesho rudi ukaagize."

Raihana alimhamishia Khaled titi la pili, bila haraka.

"Kesho nafunga, mama, ili hata mama Ilyasi apumzike kunisema. Mutume Saliha, anajua rangi."

"Mi?" Saliha akaruka. "Kanyosha, na jua hili, na nimefunga?"

Bi Asiya akalamba krimu kidoleni. "Kutembea hakuvunji swaumu, binti yangu."